Chapo Haina Makosa, Mpeleke Mzee Hospitali

Wasee wa Molo, Elburgon, Njoro, Nakuru na kila mahali hii itafika: leo sina vichekesho. Leo nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Kuna video inazunguka. Mmeiona. Jamaa amevaa koti jeupe, nyuma yake kuna picha kubwa ya mwili wa binadamu. Anasema ngano ndiyo inamaliza wanaume wa Kenya. Ati gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano ukikandwa uvutike, inashuka mpaka kwa tezi dume na kuifurisha. Ati mwanaume yeyote anayeamka usiku kukojoa ana ugonjwa wa siliaki na hajui. Halafu mwishoni, kama kawaida, linatokea kopo la unga wa kijani na nambari ya kutuma pesa.

Hiyo video ni uongo. Na mimi niliituma.

Nilimtumia anko wangu. Ana miaka 61, analima waru huku juu, na choo chake kiko nje ya nyumba. Kama umewahi kulala Molo mwezi wa saba unajua kutoka nje saa tisa usiku ni adhabu. Anko alikuwa anatoka mara nne, mara tano. Siku moja akaniita kando akaniuliza, "Wewe kijana wa simu, hii maneno ya kukojoa usiku inasemwa aje huko?" Nikaona nimeheshimiwa. Nikamtumia video, nikaweka na vidole gumba viwili.

Anko akaacha chapati. Akaacha mandazi, mkate, kila kitu. Mwanaume ambaye Krismasi alikuwa anahesabiwa chapati sita peke yake alikaa pembeni na sahani ya viazi. Akanunua kopo, 2,800. Akanunua lingine. Yalifika manne, yaani 11,200. Na wacha niseme ukweli wote: alipata nafuu. Kutoka mara tano akafika mara mbili. Akaanza kuwaambia wazee wenzake.

Miezi minane baadaye alishikwa na maumivu ya kiuno na nyonga yasiyoisha. Ndiyo tukampeleka Nakuru. Damu ikapimwa, akatolewa kinyama kidogo kikapimwa, akapigwa picha. Saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

Kabla hujaniambia "pole", ngoja kwanza. Hii si stori ya kunihurumia. Nataka tuelewe vile tuliibiwa, kwa sababu kuna wengi wanaibiwa hivyo hivyo leo.

Kwanza, ile nafuu ilitoka wapi? Kwenye karatasi ya kopo waliandika masharti: usinywe chai baada ya saa kumi na mbili jioni, wacha pombe, punguza maji kabla ya kulala. Sasa jamani. Ukimwondolea mtu yeyote vikombe viwili vya chai ya usiku na chupa ya bia, atakojoa mara chache. Hata wewe mwenye miaka 20. Tena anko alianza dawa katikati ya baridi, na baridi yenyewe inaongeza mkojo. Jua liliporudi, unga wa kijani ukachukua sifa ya jua. Chapati haikuwa imefanya kitu, na kukosekana kwake pia hakukufanya kitu.

Pili, hata nafuu ingekuwa ya kweli, haingemaanisha hakuna saratani. Hapa ndipo wengi hatuelewi. Tezi dume ni kitu kidogo, kama ndimu ndogo hivi, kinakaa chini ya kibofu na kuzunguka mrija wa mkojo. Mwanaume akizeeka, tezi inakua. Kufikia miaka 60, karibu nusu ya wanaume wameanza kuwa na huo uvimbe, na huo si saratani. Ndio hubana mrija, ndio huamsha watu usiku. Saratani kwa kawaida huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija. Inaweza kukua miaka bila kubana chochote. Hakuna maumivu, hakuna damu, hakuna dalili. Kwa hivyo mtu anaweza kukojoa vizuri kabisa na bado awe nayo. Anko alikuwa anasherehekea mrija huku shida ikiwa pembeni yake.

Tatu, siliaki yenyewe. Huu ni ugonjwa wa kweli, na ndiyo maana uongo huu unaniuma mara mbili.

Mtu mwenye siliaki akila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo wake mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vya ndani ya utumbo vinavyonyonya chakula vinalala na kuisha. Mtu anakula na hashibi mwilini: anaendesha, tumbo linajaa gesi, damu inapungua, mifupa inakosa nguvu, mtoto hakui. Kidunia inakadiriwa ni kama mtu 1 kwa kila 100. Daktari Mholanzi anaitwa Willem Dicke ndiye aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo chanzo. Wakati wa njaa kali ya Uholanzi ya 1944 na 1945, mkate ulipokosekana, wagonjwa wake wadogo walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi.

Na usiniambie ni ugonjwa wa wazungu. Kati ya watu waliowahi kupimwa, miongoni mwa walio na kiwango cha juu kabisa ni watoto wa Kisahrawi, kutoka Sahara Magharibi, Afrika hii hii. Utafiti uliochapishwa 1999 ulipata zaidi ya watoto 5 kwa kila 100.

Je, siliaki inahusiana na tezi dume? Watafiti wamewafuatilia wagonjwa wa siliaki kwa miaka mingi, hasa nchi kama Sweden ambako rekodi za hospitali ni nzuri. Saratani zinazojulikana kuwapata zaidi kidogo ni limfoma na saratani ya utumbo mwembamba, na hizo zenyewe ni nadra. Tezi dume haiko kwenye hiyo orodha. Kwa hivyo jamaa wa koti jeupe alichukua ugonjwa mmoja wa kweli na mwingine wa kweli, akavifunga pamoja na kamba ya uongo, akaweka bei.

Sasa ona vile uongo mmoja unaumiza watu wawili.

Jirani yetu ana binti wa sekondari. Kwa miaka amekuwa mwembamba, anachoka, tumbo linamsumbua. Alipewa dawa ya minyoo. Akapewa ya amiba. Akatibiwa taifodi mara sijui ngapi. Mwishowe daktari mmoja akafikiria mbali, akampima damu, akamtuma kwa kipimo cha utumbo. Siliaki. Leo mama yake akisema kwenye sherehe, "Huyu hawezi kula chapati," watu wanacheka. "Ah, hata yeye ameona ile video?" Shangazi mmoja alimchovyea mkate kwenye supu ati ajaribu kidogo tu. Msichana aliumwa wiki nzima. Hawakumwamini kwa sababu matapeli wamegeuza ugonjwa wake kuwa fasheni.

Anko aliyekuwa anahitaji kipimo cha tezi dume akapewa hofu ya chapati. Msichana anayehitaji kuogopa chapati akachekwa. Hiyo ndiyo kazi ya uongo wa afya.

Najua majibu yenu. Nimeyasoma.

"Babu zetu hawakula ngano na hawakuwa na tezi dume." Nani aliwapima? Kipimo cha damu cha PSA kilianza kutumika hospitalini miaka ya 1980. Babu yako aliyekufa akiumwa mgongo na "shida ya mkojo" aliandikwa wapi? Hakuandikwa popote. Na hata ngano si kitu kipya hapa. Delamere alikuwa anaipanda Njoro mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kampuni ya Unga ilianzishwa 1908. Tumekula hii kitu zaidi ya miaka mia.

"Unatetea ngano kwa sababu unatoka Molo." Kwetu ni waru na kondoo. Ngano ikianguka kesho, sisi tutauza viazi zaidi.

"Hospitali pia ni biashara." Kweli, zingine ni biashara. Lakini ukipewa jibu la maabara, unaweza kulipeleka kwa daktari mwingine akaliangalia. Kopo la kijani utalipeleka kwa nani? Nambari ya simu ya yule jamaa haipatikani tangu mwezi wa pili.

Tuseme sasa kile tunachoogopa kusema. Wanaume wetu hawaendi hospitali kwa sababu ya kidole. Ndiyo hiyo. Kila mahali wazee wamekaa, mzaha ni huo huo: daktari atakuingiza kidole. Wanacheka, halafu hawaendi. Video ya ngano ilipendwa kwa sababu iliwapa njia ya kujiona wanajitibu bila kuvua suruali. Ni rahisi kuacha chapati kuliko kumwambia mtu, "Naogopa."

Lakini kipimo cha kwanza siku hizi mara nyingi ni damu. Sindano kwa mkono, basi. PSA ikiwa juu, haimaanishi moja kwa moja una saratani: uvimbe wa kawaida huipandisha, maambukizi ya mkojo huipandisha. Ndiyo maana unazungumza na daktari, hujisomei jibu kwa simu. Kile kidole, kikihitajika, ni cha dakika moja hata haifiki. Anko mwenyewe aliniambia, "Kijana, kumbe nilikuwa naogopa kitu kifupi kuliko salamu."

Saratani ya tezi dume ndiyo inaongoza kwa wanaume Kenya, zaidi ya wagonjwa wapya 3,000 kwa mwaka. Watu weusi tuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Shirika la saratani la Marekani huwashauri wanaume weusi waanze mazungumzo na daktari wakiwa na miaka 45, na 40 kama kwenye familia kuna zaidi ya mmoja wa karibu aliyeugua mapema. Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa waziri wa huduma za matibabu, alisema hadharani kwamba ana saratani ya tezi dume. Alitibiwa, akarudi kazini, na 2017 akachaguliwa gavana wa Kisumu. Mandela aligunduliwa nayo 2001, akiwa amepita miaka 80. Akaishi mpaka 2013. Ndiyo, wao walikuwa na uwezo ambao anko hana. Lakini kipimo cha damu si cha marais. Sisi tulilipa pesa pungufu ya kopo moja, na chenji ikatosha nauli ya Molo hadi Nakuru na kurudi.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu, na siombi kwa upole.

Wewe unayeshuku una siliaki: usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha, kipimo kinaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Pimwa kwanza ukiwa bado unakula. Ukipatikana nayo, Molo si mahali pabaya: waru, githeri, mukimo, ugali, wimbi, mtama, vyote viko sawa. Angalia tu unga wa uji uliochanganywa na ngano, mashine ya posho inayosaga kila kitu, na bia, kwa sababu ya shayiri.

Wewe mwenye baba, anko au guka aliyepita miaka 45: usimtumie video. Mpeleke. Keti naye kwenye foleni. Kama anaona aibu, mwambie ni kipimo cha presha na sukari, halafu mkifika mwombe daktari aongee naye juu ya hilo lingine.

Na nyinyi wenzangu mnaotengeneza video. Najua wale jamaa wanalipa. Mimi pia waliniandikia, wakaniahidi asilimia kwa kila kopo. Kila unapochukua hiyo pesa, kuna mzee mahali anahesabu mara anazoamka usiku na kukuamini wewe kuliko daktari. Unamuuzia miezi minane, na hana hiyo miezi.

Anko yuko. Anadungwa sindano za homoni kila baada ya miezi mitatu, na maumivu yamepungua. Daktari hakusema tungekuja mapema angepona. Alisema tungekuwa na njia nyingi zaidi za kuchagua. Hayo maneno silali nayo vizuri.

Jumapili iliyopita nilienda kumwona na nikamwomba msamaha kwa ile video. Akaniangalia, akamwita anti alete chapati. Akala tatu. Akaniambia nikimaliza chai nipige simu kwa rafiki zake wawili, wale aliowauzia habari ya kopo, niwaambie ukweli.

Nimewapigia. Mmoja amekubali tuende naye Nakuru Jumanne. Mwingine alicheka juu ya kidole, akakata simu. Nitampigia tena kesho.