Anzeni na mfuniko wa tangi

Gari likigoma kuwaka, kabureta isiwe ya kwanza kufunguliwa. Land Rover 109 ya marehemu baba iligoma kuwaka Urambo, tukitoka Tabora. Stata inazunguka vizuri, plagi kavu kabisa: petroli haifiki. Fundi akachomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, akapampu kwa ule mkono mdogo wa pampu ya mafuta. Hata tone! Alipofungua mfuniko wa tangi tukasikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu. Tundu la kupumulia lilikuwa limezibwa na vumbi. Kikombe cha kioo cha pampu nacho kilijaa kutu, tukakiosha. Gari likawaka. Mkichomoa bomba, petroli ikingeni kwenye chombo, ndugu zangu, isidondokee injini ya moto.