Udongo Ulionyweshwa Petroli Tusiuchimbe Ovyo

Piteni kwenye gereji za Temeke au Kinondoni mtazame chini. Udongo ni mweusi. Fundi ameosha vyuma kwa petroli, mpiga rangi amesafisha vifaa vyake kwa thina, na masalio yamemwagwa palepale. Jirani yao ana kisima. Mchanga wa pwani hupitisha maji upesi, na hupitisha petroli vilevile.

Mtu akisikia harufu kisimani husema, tuchemshe. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, lakini petroli si kijidudu. Mvuke wake hutoka katika sufuria na kumwingia mama anayepika. Na ndani ya petroli mna benzini, ambayo huleta saratani ya damu.

Wengine husema, tuuchimbe udongo wote tukautupe. Mimi nakataa. Tuutupe wapi? Jalala lilikuwa Tabata, likahamia Vingunguti, kisha Mtoni, halafu Pugu, na kote huko wanaishi watu. Mchimbaji naye huvuta mvuke, shimo laweza kushika moto, na sumu iliyo chini ya msingi wa nyumba jembe haliifikii.

Yako maarifa mengine. Mabomba yenye matundu huzamishwa ardhini, yasifike kwenye maji, kisha pampu hufyonza hewa. Petroli na thina ni vyepesi kugeuka mvuke, hivyo hutoka pamoja na hewa hiyo na kunaswa katika mapipa ya mkaa maalumu. Hewa mpya inayoingia huwapa nguvu bakteria wa udongoni, nao hula mabaki. Mchanga wetu unafaa kwa kazi hii kuliko udongo wa mfinyanzi. Huchukua miezi, pengine miaka, na umeme si bure. Hata hivyo ni afadhali kuliko kumhamishia mwingine sumu.

Majimaji ya klorini, yale ya kuondolea grisi na ya madobi wa mashine, yana tabia nyingine. Ni mazito kuliko maji, hivyo huzama. Bakteria wanaoyavunja hawataki hewa, na wataalamu huwalisha vitu kama molasi. Kazi ikiishia njiani huzaliwa sumu mbaya zaidi, kwa hiyo mtu asijaribu kumwaga molasi ya ng'ombe wake. Huko Marekani, katika kambi ya Camp Lejeune, watu walikunywa maji yenye majimaji hayo kwa miaka 30 hivi, hadi visima vibaya zaidi vilipofungwa mwaka 1984 na 1985.

Nani alipe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakubali kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Fundi wa chini ya mwembe hana fedha za pampu, najua. Lakini pipa la kukusanyia masalio analiweza, na mwenye gereji kubwa anaweza zaidi ya hapo.

Kisima chako kikinuka mafuta, usinywe, usipikie, usisogeze moto. Mwite bwana afya wa kata, na mdai maji yapimwe maabara.