Mashine ya Kunasa Hewa ya Ukaa: Pima Kwanza, Sifu Baadaye

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, ile ya kuandika programu inayonilipia kodi ya nyumba. Leo nimepata nafasi, na nina jambo la kuwaambia.

Juzi nilikuwa Emali, kando ya barabara kuu ya Mombasa, nikingoja matatu. Malori yalikuwa yakipita moja baada ya jingine yakitema moshi. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza maembe akaniuliza, "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Ni kweli kuna mashine ya kunyonya uchafu huu kutoka hewani?" Nikamwambia ipo, ila haifuati moshi huu mweusi, inafuata kaboni dioksidi, hewa ya ukaa isiyoonekana. Akasema, "Basi mbona hawaileti hapa Emali?"

Swali zuri! Matatu ikafika kabla sijalijibu vizuri. Nalijibu leo.

Shida ya kwanza ni hesabu. Katika kila molekuli 2,400 hivi za hewa, moja tu ndiyo ya kaboni dioksidi. Sisi waandishi wa programu tunajua adha ya kutafuta jina moja katika orodha ndefu isiyopangwa. Mita moja ya ujazo ya hewa ina kama robo tatu ya gramu ya hewa ya ukaa. Kwa hiyo ili upate tani moja, hata ukinasa yote bila kupoteza chochote, lazima upitishe hewa zaidi ya mita za ujazo milioni 1.3.

Mashine nyingi za aina hii hufanya hivi: feni huvuta hewa ipite kwenye vichujio vilivyopakwa kemikali za jamii ya amini. Kemikali hizo hushika hewa ya ukaa. Vichujio vikijaa, hufungiwa na kupashwa joto hadi nyuzi 80 au 100 hivi, navyo huachilia walichokishika. Kisha kazi huanza upya.

Sasa tazama matumizi ya nishati. Sheria za fizikia zinasema kutenganisha tani moja kunahitaji angalau yuniti 120 hivi za nishati. Mitambo ya leo hutumia karibu yuniti 2,000 au zaidi, joto na stima vikijumlishwa. Yaani zaidi ya mara kumi na tano ya kiwango cha chini kabisa! Programu yangu ikiwa hivyo, mteja hatanilipa.

Wengi hudhani feni ndizo zinazokula nishati. La hasha. Sehemu kubwa huenda kwenye joto, na sehemu ya joto hilo hupasha vyuma, vichujio na unyevu ulionaswa pamoja na hewa ya ukaa. Ni kama kuchemsha kikombe kimoja cha chai ndani ya sufuria ya harusi. Miaka fulani niliandika programu iliyokuwa ikijikokota, nikamshawishi mteja anunue kompyuta kubwa zaidi. Haikusaidia. Kumbe tatizo lilikuwa mstari mmoja uliosoma faili lile lile mara elfu. Tangu hapo kanuni yangu ni moja: pima kwanza.

Ukipima hapa, utaona pa kurekebisha: tumia joto la chumba kinachopoa kupasha kile kinachofuata, ondoa hewa ndani ya chumba ili kemikali ziachilie mzigo kwa joto dogo, tengeneza vichujio vyepesi vinavyodumu, kwa maana amini huharibika zikipashwa moto mbele ya oksijeni.

Lakini la maana kuliko yote ni joto linatoka wapi. Mashine ikitumia yuniti 2,000 za stima ya makaa ya mawe, ambayo hutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa kwa kila yuniti, itatoa tani mbili ili inase moja. Huo ni mzaha.

Ndiyo maana kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, iliangalia Bonde la Ufa, kwenye joto la ardhini. Kule Iceland, kampuni ya Climeworks ilifungua mtambo wa Orca mwaka 2021 kwa msingi huo huo, na hewa iliyonaswa huyeyushwa majini na kusukumwa ndani ya miamba ya volkeno, ambako hugeuka kuwa jiwe.

Mtu wa Emali ataniambia, "Miamba ya volkeno si ipo hapo Chyulu?" Ipo. Lakini joto la mvuke liko Olkaria, si Emali. Na miamba hiyo ya Chyulu ndiyo inayochuja maji ya chemchemi za Mzima, yanayonywewa hadi Mombasa. Mimi singekubali mtu ayachezee.

Je, tuwasafishie matajiri hewa? Mkenya wa kawaida hutoa chini ya tani moja kwa mwaka, Mmarekani kama 14. Jibu langu: tuifanye, ila kwa masharti. Itumike nishati ya ziada: mvuke wa usiku wakati watu wamelala na stima haihitajiki sana, na maji moto yanayobaki visimani. Stima inayoweza kuwasha taa ya mama wa Makueni isiende kwenye feni. Na malipo yawe kwa tani halisi, baada ya kutoa ile iliyotokana na mashine yenyewe, hesabu ikiwa wazi kwa kila mtu.

Na Emali? Huku tani ya bei rahisi ni ile isiyotolewa kabisa. Mwaka 2018 majirani zetu wa Kitui walipiga marufuku biashara ya makaa, lakini marufuku haipiki ugali. Jiko linalotumia makaa nusu linashinda mashine yoyote ninayoijua.

Kijana wa maembe, hilo ndilo jibu langu. Nanyi wasomaji mnasemaje? Mkiona nimekosea hesabu, nisahihisheni.