Nyumba ya Pili Mlimani: Tukae Kwanza Tupige Hesabu

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa Arusha mjini. Mume wake anakaribia kustaafu. Zamani alisoma Norwei, na tangu arudi anatamani nyumba ya magogo katika kihamba cha marehemu baba yake, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ili familia ipate mahali pa kupumzika mwisho wa juma na wakati wa Krismasi. Mama huyu hapingi, ila watoto wawili bado wanasoma. Anauliza: nikubali au nikatae?

Kwanza tumsifu baba huyo. Kukumbuka kwao si kosa, na ujenzi wa miti si mgeni huku kwetu. Watu wa Arusha wamejenga kwa mbao na mabanzi miaka mingi, na hata vibanda vya wapanda mlima pale Miriakamba, ndani ya Hifadhi ya Arusha, ni vya mbao. Kwa hiyo linalotupasa kupima ni gharama, wala si ya fedha peke yake.

Tuanze na magogo yenyewe. Ukuta wa namna hii hula miti mingi kuliko ukuta wa mbao, maana gogo zima hulazwa juu ya gogo jingine. Norwei na Urusi wana misitu mikubwa na mafundi waliorithi kazi hiyo. Sisi tunayo misindano na misaipresi ya kupandwa, lakini fundi wetu amezoea mbao na tofali. Gogo bichi likikauka husinyaa. Ukuta hushuka, milango hukwama, na nyufa hufunguka. Ni lazima magogo yamenywe magamba na kukaushwa vizuri, na fundi aache nafasi juu ya fremu za milango na madirisha. Mwerezi huvumilia mchwa, lakini msitu wa asili wa Meru umehifadhiwa. Msikubali kuuziwa gogo la usiku. Hata kwa miti ya shambani kwenu, muulizeni ofisa misitu habari za kibali kabla ya kuita msumeno.

Pili, mvua na mchwa. Masika ya mlimani hayana mchezo. Gogo likigusa udongo litaoza, hata likipakwa oili chafu mara ngapi. Jengeni msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, wekeni kipande cha bati kati ya jiwe na mti, na paa litokeze mbele ili maji yasipige ukuta. Kuni zisipangwe kando ya ukuta, kwa kuwa hapo ndipo mchwa hupata daraja. Nyaya za umeme zifungwe na fundi anayejua nyumba za miti, kwa maana moto ukianza humo haungoji.

Tatu, nyumba iliyofungwa. Bibi zetu walikoka moto ndani kila siku, na moshi ule ukafukuza wadudu na kukausha miti. Nyumba ya kufunguliwa mara moja kwa mwezi haina moshi wala ufagio. Basi nani atafagia? Tuseme ukweli, akina mama: mara nyingi ni sisi. Jumamosi uliyotazamia kupumzika utakuwa unapanda mlima na ndoo, sabuni na chakula cha mlinzi. Mlinzi naye hulipwa kila mwezi, mwenyewe uwepo usiwepo. Haya yaandikwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: nyumba itasimama juu ya ardhi ya nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini nyumba ya ndoa kwa sheria hiyo ni ile ambayo mume na mke wanaishi pamoja kwa kawaida. Nyumba ya mapumziko inaweza isihesabiwe hivyo. Tena ikiwa kihamba ni cha ukoo na hakijagawanywa, siku Bwana akimwita mzee, mama aliyetoa kiinua mgongo chake na akiba ya kikundi anaweza kujikuta akiomba funguo kwa mashemeji. Wajane wa namna hiyo tumewaona.

Kwa hiyo, mama, usikatae wala usikubali upesi. Mngoje mzee akiwa ametulia, umwambie kwa heshima kwamba unaipenda nia yake. Kisha mwombe awaite ndugu zake, mipaka ionyeshwe, makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi na serikali ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hati ya kimila yaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Ada za watoto zitengwe kwanza. Halafu anzeni na vyumba viwili: msingi wa mawe, kuta za mbao zilizowekwa dawa, na baraza ya magogo kumfurahisha baba.

Bwana Yesu, katika Luka sura ya 14, alimtaja mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa kukaa kwanza na kuhesabu. Hata Sulemani, mwenye mierezi ya Lebanoni, alitumia miaka 13 kujenga nyumba yake. Basi sisi wenye mishahara ya kawaida tusione haya kwenda polepole, mume na mke wakiwa na daftari moja.

Mungu azibariki nyumba zenu, ya kwanza na ya pili. Tuonane mwezi ujao.