Tuwalee Mbwa Wetu kwa Utulivu

Ndugu msomaji unayefuga mbwa, nina ombi kwako. Katika mitaa yetu mbwa wengi hushinda kwenye mnyororo na kufunguliwa usiku, eti ili wawe wakali. Mara nyingi tunachokiita ukali ni hofu. Mbwa asiyezoeshwa watu hatofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira uani. Tubadili namna ya kuwaongoza.

Kuongoza si kutisha. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na kutokana na kazi hiyo ikaenea imani kwamba uongozi wa kundi hupatikana kwa ubabe. Wafugaji wengi wa mbwa waliifuata. Lakini mwaka 1999 David Mech wa Marekani, aliyewafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, alieleza kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia, na wanaoliongoza ni baba na mama. Basi nasi tuwaongoze mbwa wetu kama wazazi: kwa msimamo, bila papara.

Anza na chakula. Shika sufuria ya ugali na dagaa, sema "Kaa!" mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza. Akirukia, inua sufuria bila kumfokea. Akikaa, iteremshe; akiinuka kabla haijagusa chini, ipandishe tena. Akitulia, muwekee na umsifu. Ukirudia hivyo kila mlo, atazoea kukaa akikuona tu unakuja, maana ameelewa kuwa utulivu ndio unaomlisha. Na fimbo hukuigusa.

Nyumba nzima itumie amri zile zile. Baba akimkataza kuparamia wageni huku watoto wakimchekea, mbwa ashike lipi? Usimchape kwa kosa la asubuhi. Hawezi kuliunganisha na kipigo cha jioni. Wala usimwite "Njoo!" kisha ukampiga, kwani utakuwa umemfundisha kukukimbia.

Udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Miezi yake ya mwanzo ndiyo ya kumzoesha wageni, watoto, bodaboda na kushikwa mwili mzima. Mkubwa naye hufundishika, ila anadai subira zaidi. Wote wanahitaji maji safi, kivuli, matembezi na muda nje ya mnyororo.

Mbwa aliyezoea kushikwa hamsumbui bwana mifugo siku ya chanjo, na chanjo ni deni letu kwa majirani. Karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa huanzia kwenye kuumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa. Mchanje anapofikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi jioni ya leo anza somo la sufuria, na wiki hii uulize ofisi ya mifugo ya kata yako chanjo inatolewa lini. Ukishajua, mwambie na jirani yako, mwende pamoja.