Kabla ya Chupa ya Pili

Hakuna tiba ambayo ndugu wa mgonjwa huiamini kama dripu. Mgonjwa akilazwa mpaka jioni bila kutundikiwa chupa, watu huanza kuulizana kama kweli amehudumiwa. Madaktari nao, ukweli usemwe, wana imani hiyo hiyo, ila wao huieleza kitaalamu: presha imeshuka, mgonjwa ana maambukizi makali, basi maji yaingie, tena haraka.

Toleo hili linahusu sepsisi, hali ya mwili kuelemewa na maambukizi hadi viungo vianze kushindwa kazi. Swali lake kuu ni la kila siku wodini: maji kiasi gani, na kwa kasi gani?

Jibu lililotawala kwa miaka mingi lilitoka Detroit, Marekani. Mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 263. Waliotibiwa kwa itifaki kali ya saa 6 za mwanzo, yenye maji mengi, dawa za kupandisha presha, damu na ufuatiliaji wa karibu, walikufa kwa asilimia 30.5, waliopata huduma ya kawaida, kwa asilimia 46.5. Miongozo ikaandikwa, nayo ikafika hadi hospitali zisizo na mashine hata moja ya kupumulia.

Kisha likaja pigo kutoka kwetu. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofikishwa hospitali wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Baadhi yao walimiminiwa maji ya chumvi au albumini kwa kasi, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. Wengine walipewa maji taratibu tu. Januari 2011 usajili ulisitishwa kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji, dhidi ya asilimia 7.3 ya wenzao.

Kuna jambo moja katika takwimu hizo ambalo kila daktari wa zamu anapaswa kulitazama mara mbili. Baada ya saa ya kwanza, waliopewa maji ya haraka ndio walioonekana nafuu: asilimia 43 walikuwa wametoka kwenye dalili za damu kushindwa kuzunguka, dhidi ya asilimia 32 ya wengine. Mikono imepata joto, mapigo yanashikika, daktari anahamia kitanda kingine akiwa ameridhika. Vifo vilikuja baadaye, na wachunguzi waliporudi kuvichambua walikuta vingi vya ziada vimetokana na moyo na mishipa kuzidiwa. Macho ya mzoefu, yale tunayoyasifu sana vyuoni, yalikuwa yakisoma dalili sahihi na kupata jibu lisilo sahihi.

Hao ni watoto, watasema madaktari wa watu wazima. Lakini mwaka 2017 Ben Andrews na wenzake walichapisha matokeo ya Hospitali Kuu ya Mafunzo ya Lusaka, Zambia: watu wazima 212 wenye sepsisi na presha iliyoshuka, karibu asilimia 90 wakiishi na VVU. Waliofuata itifaki walipata wastani wa lita 3.5 katika saa 6. Wenzao, lita 2. Waliofia hospitalini walikuwa asilimia 48.1 upande wa itifaki na 33.0 upande wa huduma ya kawaida. Ni kama namba za Detroit zimegeuzwa juu chini.

Wapo waliosema tatizo ni uhaba wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Na iwe hivyo. Wagonjwa wetu wanatibiwa humo humo kwenye uhaba, na mwongozo usiouhesabu uhaba huo haujaandikwa kwa ajili yao. Isitoshe, tafiti tatu kubwa za mwaka 2014 na 2015, za Marekani, Australia na Uingereza, hazikuona faida ya itifaki ya aina ya Detroit juu ya huduma nzuri ya kawaida.

Hakuna anayesema chupa zitupwe. Mwenye kipindupindu au anayeharisha hadi kukauka bado huokolewa na maji, na FEAST haikuwahusisha watoto wa kuhara. Ubishi ni juu ya mgonjwa ambaye hakupoteza maji mengi, ila presha yake imeshuka.

Waandishi watakaoleta tafiti za sepsisi katika jarida hili wataombwa kueleza oksijeni ilitoka wapi, muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa wangapi usiku, na nani alirudi kuhesabu pumzi za mgonjwa kabla chupa ya pili haijatundikwa. Makala yenye majedwali ya maabara matupu itarudishwa kwa mwandishi.