Anabeba tu, hauzi

"Hauzi pombe huyu, anabeba tu." Ndilo jibu la mwenye stoo ya bia ya jumla ukimuuliza kijana wa miaka 16 anafanya nini juu ya Kirikuu iliyosheheni makreti. Wengi hulikubali. Wanavyoelewa wao, sheria ya Tanzania inamkataza mtoto kunywa na kuhudumia baa, basi. Huko stoo na barabarani, bia ni mzigo kama saruji.

Saruji yenyewe ndiyo inayoiangusha hoja hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja kazi za hatari, haianzi na baa. Inataja kwenda baharini, migodi na machimbo, ubebaji wa mizigo mizito, viwanda vya kemikali na sehemu zenye mashine, ndipo ifike kwenye baa, hoteli na sehemu za starehe. Ukimtoa kijana kaunta ukampeleka kwenye makreti, bado yumo kwenye orodha ileile, mistari michache juu.

Tuchukue kreti la chupa 20 za nusu lita. Bia peke yake ni lita 10, yaani kama kilo 10 hivi, kabla hujahesabu vioo na kreti lenyewe. Na habebi moja. Anashusha, anapanga hadi yampite kimo, kisha anapakia yenye chupa tupu kuyarudisha stoo. Chupa ikipasuka mikononi, mikono ni yake. Wanaosema "mwache ajifunze maisha" wangepandisha kwanza makreti kumi ngazini, halafu turudi kwenye mazungumzo.

Wapo wanaoshikilia miaka 14. Ni kweli Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwenye umri huo kufanya kazi, ila kazi nyepesi, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumkosesha masomo. Kwenye mazingira hatarishi kikomo ni 18, na sheria haikuziacha nje shughuli zisizo rasmi. Halafu kuna saa. Baa hujaza friji jioni, na simu ya "tumeishiwa" huingia Ijumaa usiku, wakati Sheria ya Mtoto inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Hoja ya umaskini ni nzito zaidi, na siidharau. Posho ya kijana yule inanunua unga nyumbani. Lakini mbona kachukuliwa yeye, kaka yake wa miaka 22 kaachwa kijiweni? Kwa sababu yeye habishanii malipo. Hana mkataba, na bosi anayejua umri wake hatathubutu kuliandika jina lake kwenye michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Makreti yakimwangukia, bili ya hospitali inakwenda kwa familia ileile tuliyodai tunaisaidia.

Kasoro ya Sheria ya Mtoto naiona pia. Inaitaja baa kwa jina, lakini stoo ya bia na gari la kusambaza inamwachia ofisa kazi aviingize mwenyewe chini ya mizigo mizito. Mwenye stoo anajua hivyo, ndiyo maana "anabeba tu" imekuwa kinga yake. Kuzitaja stoo na magari hayo waziwazi kungemaliza ubishi.

Tusimsakame mwenye stoo peke yake, hata hivyo. Usambazaji mwingi unaanzia nyumbani: "Nenda kwa mangi kamletee baba bia mbili, za baridi." Mtoto wa miaka 9 anakwenda na noti, anarudi na chupa, na hakuna anayeiita hiyo kazi. Sheria hiyohiyo ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Mangi akipokea ile noti amemuuzia mtoto, hata kama baba yuko barazani, kifungua chupa mkononi, anasubiri.